Mei Mosi, jina la Paskazia

Evelyne, nimeshuka jukwaani sasa hivi hapa Bukoba.

Unamkumbuka Paskazia, nesi wa kisiwa cha Goziba ambaye boti yao ilizama mwezi uliopita. Chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa kimeshamchagua mfanyakazi bora. Mwenyekiti Bundala akaniambia nikimtangaza nimwite "marehemu". Nikakataa. Nikamwambia mwili haujapatikana, na chama hakitangazi jambo lisilothibitishwa.

Basi nikasoma jina lake kwenye kipaza sauti kama wengine wote: "Paskazia Kamugisha, zahanati ya Goziba!"

Mama yake tulimwalika, ila hakuna aliyemweleza kuhusu zawadi. Akaja mbio. Mbio, Evelyne, kitenge kinamdondoka! "Omwana wange! Mwanangu! Mmempata? Yuko wapi?"

Mmempata. Aliniuliza hivyo huku anacheka, amenishika mkono.

Nikasema, "Hapana, mama. Bado."

Akatazama kule ziwani. Akaniambia taratibu, "Basi mwite tena, mwanangu. Labda hakusikia."

Bundala akaninong'oneza, "Dada, zima hicho kipaza sauti."

Sikuzima. Nilimwita tena. Na mimi, mimi huyu unayenijua, nikajikuta nasubiri aitikie.