Mpira Ukiwa Hewani

Scarborough, Toronto
9 Juni 2024

Shikamoo mama,

Natumaini kikohozi kimekuachia, na kwamba mvua ya Tukuyu imepungua mkaweza kuanika mahindi. Mimi ni mzima, kazi ya maabara inaendelea.

Mama, bado nimeduwaa. Unaikumbuka ile timu ya besiboli ya wanawake niliyokwambia, tunayochezea Jumapili baada ya ibada. Mimi husimama nyuma kabisa, katikati ya uwanja. Mpinzani akiupiga mpira kwa gongo ukapaa, naukimbilia niudake kabla haujagusa nyasi. Nikiudaka, yeye ametoka. Jumapili iliyopita tuliwashinda watu wa Brampton kwa pointi moja tu. Mpira wao wa mwisho niliurukia, nikaudaka karibu na ardhi. Ningeukosa, tungefungwa.

Basi jana mazoezini kocha wetu, Murithi, Mkenya anayekaa Pickering, akaniita pembeni. "Kisa, gongo lako halipigi. Nafasi yako nampa Chepngetich." Huyo ni mgeni kwenye timu, na kweli akipiga, mpira unavuka uzio, na hapo ni pointi. Nikauliza, "Na ule nilioudaka?" Akasema, "Kudaka kila mtu anadaka."

Zeena amekasirika kuliko mimi. Ni yule rafiki yangu ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Hucheza kushoto kwangu. Mpira ukija kati yetu mimi huita "Wangu!" naye huniachia, au namwitia "Wako!" akauchukua. Alimuuliza kocha, "Sasa nani ataniitia?" Kocha akacheka.

Mwanao,
Kisa


Tukuyu
15 Juni 2024

Marahaba mwanangu,

Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu inaingia hadi kwenye mifupa. Kikohozi kimepoa. Baba yako anakusalimu.

Mchezo wenu siujui, lakini netiboli naijua. Chuo cha ualimu nilicheza ulinzi. Waliofunga walibebwa mabegani, sisi walinzi tulibeba ndoo za maji. Siku moja mlinzi mwenzangu aliumwa, tukafungwa mpaka mwamuzi akatuonea huruma. Hata siku hiyo watu walisema wafungaji wetu walikosa bahati. Goli lililozuiwa halipigiwi makofi, kwa sababu halikutokea.

Usisuse lakini. Kaa benchi, washangilie wenzako.

Mama yako


Scarborough
8 Julai 2024

Shikamoo mama,

Nisamehe, leo sitaandika mengi. Zeena ameumia.

Jana mpira ulipaa kati ya Zeena na Chepngetich. Wote wawili walikimbia huku wanatazama juu. Hakuna aliyeita. Niliona yatakayotokea, nikasimama benchini nikapiga kelele, "Zeena, mwachie!" Watu walikuwa wanashangilia, hakunisikia.

Kichwa cha Chepngetich kilimpata Zeena kwenye taya. Nilisikia mfupa, mama, kama mtu anavunja muwa. Nilipofika, macho ya Zeena yalikuwa wazi lakini hanioni. Chepngetich alikuwa amepiga magoti hapo pembeni, anarudia tu, "Sikumuona. Sikumuona." Kocha amesimama na kofia mkononi.

Taya limevunjika mahali pawili. Wamelifunga kwa waya, anakunywa supu kwa mrija. Na huu ulikuwa mchezo wa Jumapili tu.

Kisa


Tukuyu
10 Julai 2024

Mwanangu Kisa,

Nimesoma barua yako kwenye simu, niko jikoni, ugali ukaungua nikiutazama. Baba yako hajaamini bado kwamba si wewe uliyeumia. Kila nikimwambia, anauliza tena.

Tunamwombea Zeena. Mpikie uji wa ulezi, uuchuje vizuri upite kwenye huo mrija. Na wewe usirudi kule. Wakikuita, usirudi. Walisema kila mtu anadaka, basi wadake.

Mama yako


Tukuyu
4 Agosti 2024

Mwanangu, mbona kimya? Zeena anaendeleaje? Tuandikie hata mstari mmoja tujue u mzima.

Mama yako


Scarborough
26 Agosti 2024

Shikamoo mama,

Mimi ni mzima. Zeena ametolewa waya, anatafuna wali uliolainika. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya ulichonikataza, na kukudanganya sikuweza.

Kocha alinipigia nilipokuwa nimeshapata barua yako. Nikakataa kabla hajamaliza. Kisha jioni moja mlango ukagongwa, nafungua, ni Chepngetich. Amekonda. Sikumkaribisha. Akasema palepale mlangoni, "Msamaha nimeshamuomba Zeena. Kwako nimekuja unifundishe kuita. Nikifumba macho nasikia ule mfupa. Nikiacha sasa hivi, nitaogopa kukaribia watu maisha yangu yote."

Nilitaka kumfungia mlango, mama. Lakini Zeena alikuwa ndani, kwenye kochi langu, hawezi hata kusema. Akainuka, akanipita, akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Basi tukawa tunafanya mazoezi kwenye nyasi nyuma ya ghorofa letu, Zeena anaturushia mipira. Mwanzoni mpira ukipaa tu, Chepngetich alijikunyata na kufunika kichwa.

Jana nilirudi katikati. Yeye alisimama kushoto, mahali pa Zeena. Gongo langu halikugusa kitu, na mechi tulishindwa. Lakini kuna mpira mmoja walioupiga juu sana, upepo wa ziwa ukausukuma, ukawa unashuka kati yetu. Nikamuona anakuja mbio, macho juu. Nikaita, "Wangu!"

Akasimama. Mpira ukatua kwenye glavu yangu. Hakuna aliyepiga makofi, kwa watu ulikuwa mpira mwepesi. Nilipogeuka nikamkuta amechuchumaa kwenye nyasi, glavu usoni, mabega yanatikisika. Nikamkimbilia.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia," akasema. "Nimekusikia."

Mwanao,
Kisa