Kata ya Dada Saumu

Jumanne, 5 Machi 2024

Hospitali na Dada Saumu. Daktari mpole. Kamuuliza leo siku gani, kisha kampa kalamu achore saa. Dada kaishika kama mwiko, akacheka, akanipa mimi. Eti Hidaya ndiye msomi wetu. Nilitamani ardhi inimeze.

Pembeni daktari kaniambia: kumbukumbu zinakwenda, na hazitarudi. Nikauliza kwa nini yeye, si mimi — baba mmoja, mama mmoja. Kasema sababu ni nyingi, presha nayo imo, lakini waliosoma kidogo wako kwenye hatari zaidi uzeeni. Shule si kinga, ila huupa ubongo akiba. Akiba! Nimerudi na neno hilo mpaka nyumbani.

Jumatano, 6 Machi

Usingizi haukuja. Baba alimtoa Dada darasa la nne abebe plamu sokoni Lushoto, mimi nisome. Nikasoma mpaka ualimu. Sare, madaftari, sabuni — vyote vilitoka kichwani kwake, kwenye lile tenga. Kichwa hicho hicho. Namchukia Baba leo, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Machi

Tangu alfajiri anasokota kata ya kubebea mzigo. Kanga, taulo, hata kitambaa changu cha meza. Anaiweka kichwani, anatafuta tenga. Nimemwambia msimu wa plamu umekwisha. Akanionea huruma: ana mdogo wake shuleni, yeye akikaa tu, mtoto atasomaje?

Nikasema mdogo wako ni mimi. Hakuamini. Mdogo wake bado mtoto, kasema, na meno ya mbele hana. Nimelia jikoni, bomba wazi asinisikie.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi, ukungu bado. Naandika mezani. Dada kaingia, uso kanawa, kanga kaifunga vizuri. Kata kaiacha mlangoni. Akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Mimi! Maisha yote shikamoo imetoka kwangu kwenda kwake.

Nikamwita Dada, nikamwambia ni Hidaya. Wapi. Anasema Baba kamruhusu kurudi darasani. Atakaa nyuma kabisa, hatasumbua mtu.

Nikiitika marahaba, basi sina tena dada. Nikinyamaza, ataona amekataliwa mara ya pili. Bado naandika. Hajainuka. Kwetu huinuki kabla mkubwa hajaitika, na goti lake ni bovu, na sakafu ni baridi —