Nilivyomdhania Shemeji Bakari

Jumanne, baada ya magharibi. Nyumbani, Waa.

Tangu asubuhi hadi alasiri nimeamini kwamba shemeji Bakari ameniibia. Jumamosi aliifungua seva yangu ya nyumbani kuipangusa vumbi, na tangu hapo kompyuta pepe zilizomo ndani yake, zile za programu tu, zimekataa kuwaka. Moja imebeba masomo yote ya wanafunzi wangu, na mtihani ni keshokutwa. Ujumbe ni uleule: prosesa haina uwezo wa kuendesha kompyuta pepe. Mbona wiki iliyopita ilikuwa nao?

Nikakumbuka alivyoufunga mlango, eti vumbi litatapakaa. Naye ni fundi, anauza vipuri.

Adhuhuri nikampigia dada yangu, mkewe. "Muulize mumeo, prosesa yangu ameiuza wapi?"

Akasema, "Zuhura, huyo ni baba wa wanangu." Akakata simu.

Alasiri nikaifungua seva mwenyewe. Prosesa ni ileile. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, nikakuta saa imerudi miaka mingi nyuma na ule uwezo umezimwa. Betri ndogo ya ndani imekufa, kwa hiyo waya wa umeme ulipochomolewa, mipangilio yote ilipotea. Nimeuwasha ule uwezo, na kompyuta pepe zote zimeamka.

Sikufurahi hata kidogo. Nimempigia Bakari kumwomba radhi.

"Hakuna neno, shemeji," amesema. "Lakini dadako analia tangu adhuhuri. Sema naye yeye."

Dada hapokei simu. Nimeshavaa buibui, naenda kwao Ukunda sasa hivi. Nitaanzaje kusema, hata sijui...