Nilikuambia Kushoto

Baba Nuru wangu,

Salamu nimezitafuta tangu asubuhi na zote zimenishinda, kwa hiyo niache nianze na habari za nyumbani. Nuru amekuwa mrefu kunipita. Gari lako bado liko pale pale mbele ya nyumba hapa Mansfield, naliwasha kila Jumamosi betri isije ikafa. Kiti chako sijakisogeza. Naendesha nimejinyoosha mpaka ncha ya mguu, na Nuru ananiambia, "Mama, just move the seat." Nawasha tu gari.

Sikai kwa raha. Kitu chochote kikikwaruza chini, kiti kikivutwa au jirani akiburuta pipa la taka, nasikia zile mbao za kutelezea za kule mlimani zikikata barafu nyuma yangu. Nageuka kila mara. Kazini ndiyo balaa zaidi. Kwenye korido za wodi wenzangu wakisukuma kitanda huniambia kutoka nyuma, "On your left," yaani napita kushoto kwako, usiende huko. Wiki iliyopita niliyasikia maneno hayo nikaganda na trei ya dawa mkononi, mbele siendi, pembeni siendi, mpaka nesi mwenzangu akanishika bega akanisogeza ukutani. Wakadhani ni uchovu, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Wazo la mlima lilikuwa lako. Miaka yote ulipopita Colorado na lori lako ulirudi na hadithi ile ile, kwamba umewaona watu wazima wakiteleza kwenye theluji huku wanacheka kama watoto, na kwamba nawe utakwenda kabla magoti hayajakugomea. Nikakucheka sana. Mtu wa Mombasa anayevaa sweta mbili kwenda msikitini Arlington, leo anataka kupanda barafuni. Lakini likizo ya shule ilipofika mwezi wa Machi ukapakia gari mwenyewe: sufuria ya biriani, chupa ya chai ya tangawizi, na kikoi ulichoapa kwamba utakivaa ndani ya zile nguo nene. Na wallahi ulikivaa.

Safari nzima mimi ndiye niliyekuwa ramani yako, kama kawaida. Simu uliinyamazisha. "Mimi simsikilizi mwanamke wa kwenye simu," ulikuwa ukiwaambia watu, "nina wangu." Nikisema kulia, unakata kulia. Nikisema kushoto, unakata kushoto, hata kioo hukiangalii, mpaka nakugombeza. Miaka kumi na minane hukuwahi kuniuliza hata mara moja kama nina hakika.

Siku ya kwanza ulianguka mpaka walinzi wa mlima wakalijua jina lako. Siku ya pili tukakuta nusu ya ule mteremko mpana imezungushiwa wavu. Ndani yake walikuwa watoto wa klabu ya mashindano, wanafanya mazoezi ya kupinda kwenye vijiti vya rangi, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa kutisha. Sisi tuliokata tiketi tukabanwa upande mmoja. Kule chini wavu ulipoishia, wote tuliingia njia moja, sisi tunaojikongoja na wao ambao mbio bado zimo miguuni.

"Tumelipia mlima, tumepewa kichochoro," ulinung'unika. Hazikupita dakika tano nikakukuta umesimama kwenye wavu unawapigia makofi. Mmoja ulimpenda kuliko wote, binti mwenye kofia ngumu ya manjano, rika la Nuru. Tulipokutana naye kwenye foleni ya lifti ulimwambia kwa Kiingereza chako cha barabarani kwamba yeye ana injini. Akacheka, akakushukuru. Nilikuona ulivyofurahi.

Sasa nikuambie kilichotokea, kwa sababu wewe ulikuwa umetupa mgongo.

Ilikuwa alasiri, mteremko wetu wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeanguka pembeni, hatua chache juu yako, nahangaika na ubao uliochomoka mguuni. Nuru alikuwa ametangulia chini. Wewe ulikuwa umepita kidogo pale wavu unapoishia, unashuka pole pole, umevaa kofia ya sufu mpaka masikioni, ile ngumu uliikataa eti inakubana. Yule binti akatoka kwenye vijiti vyake. Alikuona. Akapaza sauti, "On your left," mara mbili, kwa sauti safi, kama walivyofundishwa. Alikuwa anakuambia atapita kushoto, wewe ubaki ulipo. Nikaona hujasikia. Nikaingiwa na hofu, na nikafanya kazi yangu ya siku zote. Nikakuita, "Baba Nuru, kushoto."

Hukugeuka kuangalia. Ulikata kushoto, mbele yake kabisa.

Nilitafsiri, mume wangu. Kwao neno lile ni tahadhari, ukilisikia unakaa mbali na upande uliotajwa. Kwetu ukimwambia mtu kushoto, anakwenda kushoto. Nimefanya kazi kwa Kiingereza miaka yote hii, wagonjwa wananielewa, madaktari wananielewa, na siku ile nilimpokea yule mtoto onyo lake nikakupa wewe kama amri.

Ulilala hospitali siku tatu, hujitambui. Dada yako Rukia alikuja kutoka Gulfton kule Houston pamoja na mdogo wako Hamisi. Namba za kwenye mashine nilikuwa nazisoma kabla daktari hajatuita pembeni. Rukia akaniambia, "Wifi, muombe mumeo radhi. Anasikia huyu." Nikainama sikioni kwako. Nikakuomba radhi kwa kukunyima kuhamia Houston karibu na ndugu zako, kwa siku nilizokununia bila kukuambia sababu, kwa kumsema mama yako. Lile neno sikulitaja. Rukia alikuwa amesimama karibu na nikaogopa macho yake. Ukaondoka sijaliombea radhi.

Kabla hatujakurudisha nyumbani, mtu wa usalama wa mlima alikaa nami na karatasi zake akaniuliza kama yule binti alitoa onyo. Ajali ilipotokea wengine wote walikuwa mbali. Hamisi alikuwa ameniegemea bega analia. Nikasema sikusikia.

Tangu siku hiyo imekuwa kweli ya watu wote. Rukia alikaa nami eda yote, miezi minne na siku kumi ananipikia na kunipokelea wageni, na kila mgeni aliyeketi alisema yule mtoto alikuja kimya kimya. Nami naitikia kwa kichwa. Hamisi mpaka leo anamwita muuaji. Klabu ilikatazwa kufanya mazoezi kwenye mteremko ule, na hilo sijutii hata kidogo. Hawakuwa na haki ya kutuchanganya anayejifunza kusimama na anayekimbizana na saa, na hasira hiyo nitakufa nayo. Lakini hasira yangu ni kwa wenye mlima. Yule ni mtoto wa watu.

Mwezi uliopita ikaja barua yake, ameiandika kwa mkono. Ameacha mchezo. Anasema anakumbuka alipaza sauti, ila ameambiwa mara nyingi sana kwamba alinyamaza, hata sasa hajui kama ni kumbukumbu au ni kitu alichojitungia apate usingizi. Ananiomba nimsamehe kwa kutokukuonya. Nilikaa na ile karatasi mapajani mpaka chai ikapoa, nikapika nyingine, nayo ikapoa. Mtoto ananiomba msamaha kwa uongo wangu mimi.

Ijumaa nikampigia Rukia nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie mtoto wa watu," akakata simu. Hamisi sasa hapokei simu zangu.

Jana alasiri nikapiga ile namba aliyoiandika chini ya barua. Nilimketisha Nuru mezani nami, maana sikutaka aje kuyasikia kwa baba yake mdogo. Yule binti alipopokea nikamtajia mimi ni nani, nikamwambia, "Ulisema. Ulisema mara mbili, na mimi nilikusikia." Nikamweleza lile neno na jinsi tunavyolitumia sisi, na kwamba karatasi za mlima nitaziomba upya nizisahihishe. Akaniuliza taratibu kama wewe ulimsikia.

"Hakukusikia wewe," nikamwambia. "Alinisikia mimi."

Nuru aliinuka mezani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mpaka sasa hajanisemesha. Chakula nimekiweka nje ya mlango wake mara tatu, na mara mbili amekichukua.

Basi nakuomba radhi, Baba Nuru, kwa lile moja. Sijui kama huko mnasikia, na hata ukinijibu sitajua. Lakini safari hii nimelitaja.

Ni mimi mkeo,
Mama Nuru