Mpe Nafasi Amalize

14 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Shule imekupokeaje? Mimi mzima, ila mgongo kila jioni unanikumbusha umri.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jana nimepika chakula cha watu wawili, nikaishia kukitazama. Nani atanipa umbea wa mtaa nikiwa kwenye cherehani? Ajabu yako wewe, nikikanyaga pedali ikinguruma, kigugumizi kinakuachia, maneno yanamiminika mpaka nakuomba unipumzishe.

Mwalimu wako wa darasa nimempenda. Siku ile nilipokuleta bwenini nilimvuta pembeni, nikamwambia, "Mwanangu akikwama, mpe nafasi amalize." Akacheka, akasema niondoe shaka. Nikarudi moyo mweupe.

Mama yako


2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mimi sijambo.

Mama, hivi ile shule ya kutwa ya pale mtaani bado inapokea wanafunzi? Ningekuwa narudi jioni nakusaidia kutia vifungo. Nimekukumbuka sana.

Mwanao


11 Machi

Wewe binti wewe!

Salamu zangu unazo. Sasa nisikilize. Mwezi haujaisha ushataka kurudi? Hata mimi nimekukumbuka, wakati mwingine naita jina lako nikitaka mkasi. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Vumilia.

Isitoshe, mwalimu wako kanipigia simu. Anasema umekuwa mtulivu mno, husumbui darasa. Nimejisifu kwa wateja mpaka nikakata gauni la bibi harusi upande. Hasara juu yangu, lakini furaha ilinizidi!

Mama yako


20 Aprili

Mwanangu,

U mzima kweli? Barua yangu hujaijibu, na ile niliyoituma baada yake hujaijibu. Umeninunia? Nitukane basi, mradi niuone mwandiko wako.

Mama yako


5 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijakununia. Nilikuwa nakuogopa, maana ulifurahi sana.

Ulimwomba mwalimu anipe nafasi nimalize. Basi ananipa. Ananisimamisha mbele, anasema, "Mama yake ameomba tumngojee, haya tumngojee." Darasa zima linahesabu kwa sauti mpaka neno litoke. Nikizidi kukwama ananiambia, "Redio Mbovu, tafuta stesheni!" Wanaangua kicheko. Siku hizi hata bafuni, hata kwenye foleni ya chakula, mimi ni Redio Mbovu. Hajawahi kunigusa hata kwa kidole, Mama, kwa hiyo sijui nimshtaki kwa lipi.

Huo utulivu aliokusifia ni kwamba siongei tena. Siongei na mtu yeyote. Hata uji naomba kwa kuonyesha bakuli. Juzi nilijifungia chooni nijaribu kusema "Mama", neno halikutoka, na hapakuwa na mtu wa kunicheka. Ndipo nikaogopa kweli. Najua umeniambia nivumilie, lakini Mama, nakuomba, njoo unichukue.

Mwanao


8 Mei

Mwanangu,

Leo salamu tuziache. Niko hapa nje ya geti lenu, karatasi nimeiweka juu ya paja. Mlinzi kasema si siku ya wageni, bwenini siingii. Nikamwambia mgeni ni nani, mimi mama! Kanionea huruma, atakuletea hii.

Kwa mkuu wa shule nimeshaingia. Ati ule ni utani wa darasani, ati wewe mwenyewe hujalalamika. Nikamuuliza, mtu akizibwa mdomo atalalamikia wapi? Akataka uitwe ueleze yote mbele yake, na mwalimu wako akiwepo. Nimekataa, nikamwambia leo naondoka nawe. Hakuna atakayekusimamisha tena mbele ya yule mtu. Kesi yake nitaifuatilia mimi, kwa mdomo wangu, mpaka kwa wakubwa wao.

Na mimi nilikwambia uvumilie! Roho inaniuma, mwanangu. Nisamehe.

Funga sanduku. Godoro liache. Ukifika hapa usijilazimishe kusema kitu, hata shikamoo usinipe. Njoo tu nikushike.

Mama