Siku ya Kulimiwa

Sumbawanga,
Machi 12

Mdogo wangu Adolfu,

Kwanza nataka kujua hali yako, ya shemeji Monika, na ya wote hapo Kirando. Kile kifua cha shemeji kimepata nafuu, au upepo wa ziwa bado unamsumbua? Sisi huku juu tupo. Mvua hazijatuacha, mahindi yametoa mbelewele, na magoti yangu yanatabiri hali ya hewa kabla ya redio. Albina anakushukuru kwa dagaa. Walilowana ndani ya basi, ikabidi awaanike upya.

Simu ninayo, lakini nimechagua kalamu, kwa sababu jambo hili ni refu na kwenye simu wewe hukatiza.

Mwanao Fabiani ameondoka Jumanne kwenda Dar es Salaam, kujitolea tena kwenye mashindano ya mpira. Hii ni mara ya nne. Uliwahi kuniuliza kujitolea huko ni kazi gani hasa, nami sikukujibu vizuri. Basi nikueleze. Kwenye mashindano makubwa mchezaji analipwa, refa analipwa, anayefyeka nyasi za uwanja analipwa. Halafu kuna vijana mamia kadhaa wenye vizibao vya rangi, wanaoonyesha watu viti, wanaosukuma viti vya magurudumu vya wasiojiweza, wanaobeba machela. Hao hupewa fulana, chakula cha mchana na cheti. Hawaitwi majina, huitwa kwa namba ya mgongoni. Mwanao mara ya kwanza alikuwa mia mbili kumi na mbili.

Unakumbuka ilivyoanza, mwaka juzi. Alikuwa amemaliza stashahada ya ualimu wa michezo, na Mwalimu Mathias, yule mwanafunzi wangu wa zamani aliye mkuu wa shule upande wa Kaengesa, alikuwa amemwahidi nafasi ya mkataba ambayo ingekuwa wazi mwezi wa nane. Mashindano nayo yaliangukia mwezi huohuo. Fabiani aliniuliza kwa adabu zake zile kama, baba mkubwa, akienda huko hatapoteza kazi.

Nilimkalisha nikamfundisha. Nilimwambia baba yetu hakupata kumlipa mtu kumlimia. Mama alipika pombe ya ulezi, majirani wakaja na majembe, wakarundika majani na kuyafukia kwenye matuta hadi jua likazama. Siku ya jirani ilipofika, nasi tukaenda. Hakuna aliyeandika mahali, na hakuna aliyesahau. Nikamwambia wakubwa wa mpira wana shamba kubwa, na aliyewalimia watamkumbuka siku yake ya kulimiwa. Alinisikiliza kama nilivyozoea kusikilizwa, akaenda.

Jumamosi moja alasiri tulimwona kwenye televisheni. Mchezaji aliumia, na mmoja wa waliokimbia na machela alikuwa Fabiani. Labda ni sekunde tatu. Albina alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameoa. Wewe mwenyewe ulinipigia kutoka mwaloni, ukisema wavuvi wote wanataka kujua kama huyo ni mtoto wako kweli.

Aliporudi, nafasi ya Kaengesa ilikuwa imekwenda kwa kijana mwingine, ambaye sasa ameshaajiriwa moja kwa moja. Ulimlaumu Mathias. Kwenye arusi baada ya Pasaka alikunyooshea mkono, ukauacha hewani mbele ya watu. Mathias aliurudisha mkono wake, akanitazama mimi, akanyamaza. Tafadhali kumbuka hilo.

Fabiani alifuata shukrani yake kwa waandaaji mara mbili. Mara ya pili mlinzi wa getini alimwuliza, mshikaji, si ulisema umekuja kwa mapenzi? Basi mapenzi yamekwisha, nenda nyumbani. Huku stendi vijana wa bodaboda wanamwita Bwana Fulana, na wanamwuliza kama cheti kinakaangwa au kinachemshwa. Yeye hucheka nao. Ana miaka ishirini na tisa.

Sisemi kujitolea ni ubatili. Aliye na mshahara wake, au mwanafunzi aliye likizo, na aende. Ataona watu na kujifunza mengi. Fabiani alikaa na mzee mmoja kipofu dakika tisini akimsimulia mchezo, na anasema hajapata siku nzuri kuliko hiyo. Namwamini. Lakini anayengoja kurudishiwa amelima kwa mtu asiyeijua njia ya kwao, na hilo mimi, mwalimu wa miaka thelathini na minne, sikuliona.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa. Jumamosi ile ya machela, kabla hata jirani hajatoka sebuleni, Mathias alinipigia. Simu za vijana zilikuwa zimekusanywa uwanjani, kwa hiyo hakumpata Fabiani. Alisema ofisi inamsukuma, lakini nikimhakikishia kwamba kijana atafika Jumatatu ya wiki inayofuata, atamshikia nafasi. Adolfu, kijana angefika, maana mashindano yangekuwa yamekwisha. Mimi nilikuwa nimelewa zile sekunde tatu. Nilimwambia Mathias ampe mwingine, mwanetu sasa ameonekana na dunia. Sikumwuliza Fabiani wala sikukuuliza wewe. Na nilipokusikia ukimlaani Mathias, nilitikisa kichwa kama mtu anayesikitika pamoja nawe.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Mathias kuomba upya. Alinipokea kwa shikamoo kama zamani, akaniambia hakuna nafasi, na haoni itakapotokea.

Jumatatu Fabiani aliniletea karatasi nimwandikie barua ya kumtambulisha kwa waandaaji. Nisingeweza kumkataza bila kumweleza haya. Niliiandika, kwa mwandiko mzuri.

Sikuombi msamaha. Naomba ukikutana na Mathias umpe mkono. Kuhusu Fabiani, wewe ndiye baba yake, utaamua. Tulipoagana stendi alinionyesha ujumbe kwenye simu. Safari hii wamempa namba arobaini. Aliniambia, baba mkubwa, unaona, tunasogea.

Msalimie shemeji na watoto, na wote wanaoniulizia hapo mwaloni. Albina anawaombea. Mungu awalinde.

Ni mimi kaka yako,
Polikarp