Macho Yako Yalipokuwa Meupe Tena

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marehemu haitikii marahaba, lakini ulinifunza kwamba mtoto asiyeamkia mkubwa hana la kusema, basi naanza hivyo. Juzi mjukuu wako, yule niliyekuwa nimembeba tumboni, kaniuliza bibi alikufa kwa ugonjwa gani. Miaka yote hii, Mama, na bado nimeshtuka kama vile habari imeingia leo asubuhi.

Unakumbuka ilivyoanza? Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, tunapiga matuta ya ntumba kule Mollo, nyasi tunazifukia chini, udongo juu, tupande maharage. Ukaanza kujikuna. Mfipa gani asiyejua kwamba nyasi zile zinawasha? Nikakucheka. "Mama, umezeeka, sasa hata nyasi zinakuonea." Ukanijibu, "Cheka tu, na wewe zamu yako inakuja." Ukajipaka mafuta ya nyonyo ukaendelea na jembe.

Matuta yakaisha. Mimi nikaacha kujikuna, wewe ukazidi. Ulijikuna viganja na nyayo, na mgongo ulikuwa unausugua kwenye nguzo ya jiko kama ng'ombe. Sisi tukasema nyasi za mwaka huu ni mbaya. Nyumba nzima ya wakulima tulikuwa na jibu tayari, kwa hiyo hatukutafuta lingine.

Aliyeona ni Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma aliyekuwa akituletea maziwa. Alisimama mlangoni, jua likakupiga usoni, hata salamu hakumaliza. "Mama Modesta, mbona macho ya njano hivyo?" Tulikuwa tunakutazama kila siku, na hatukuwa tumekuona.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mjini Sumbawanga maduka ya dawa yanachipuka kila kona na kila muuzaji ni daktari. Mmoja akasema malaria. Mwingine akasema nyongo imekuzidi, akakupa vidonge vichungu, ukavimeza vyote kwa utiifu. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka sana, choo kikapauka kama majivu. Hilo la choo uliniambia kwa kunong'ona, na wewe mtu wa haya vile. Mjomba Deo, kaka yako, akasema inatosha, akakupandisha basi la Mbeya. Mimi mlinikataza kuja. Mimba ilikuwa kubwa na barabara ya Tunduma ilikuwa mashimo matupu.

Daktari wa kule alimweleza Mjomba, na Mjomba alikuja kunieleza mimi baadaye, tena baadaye sana. Ini hutengeneza nyongo. Nyongo hushuka kwenye utumbo kwa mrija mwembamba, ikasaidie kusaga mafuta ya chakula. Ndani ya mrija wako ilikuwa imeota saratani. Haikuhitaji kuwa kubwa, maana mrija wenyewe ni mdogo. Ukaziba, nyongo ikakosa pa kushukia, ikarudi kwenye damu. Ndiyo iliyokuwasha, ndiyo iliyokutia njano machoni. Hata choo hupata rangi yake kwa nyongo hiyo, kwa hiyo isipofika kinapauka. Haikuwa nyasi. Wala haukuwa mkono wa mtu, ingawa wapo waliokwisha kuanza kutaja majina.

Ikigundulika mapema, daktari alisema, hukatwa na mgonjwa anaweza kupona. Walipokupasua wakakuta imeshaingia kwenye ini, haikatiki. Walichoweza ni kuunganisha njia nyingine, nyongo ipite pembeni ishuke. Dawa kali za saratani zilikuwa Dar es Salaam, na kwa hali yako daktari hakuzitumainia. Ile njia mpya ilikuwa ya kukupumzisha tu, si ya kukuponya.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilichokiona ni wewe unashuka kwenye basi pale stendi, umekonda, na macho meupe. Meupe, Mama! Hujikuni. Nikapiga kigelegele mbele za watu. Jumuiya ya kanisani ikaja kusali sala ya shukrani, tukapika ugali wa ulezi, ukala tonge mbili ukasema tumbo limezoea uji wa hospitali. Na kila aliyekaa kwenye ule mkeka alijua. Baba alijua. Mjomba alijua. Mama Kulwa, hata katekista aliyeongoza sala. Wewe mwenyewe ndiye uliyewaagiza: mjamzito hapewi habari nzito, mwacheni ajifungue kwanza. Kwetu ndivyo ilivyo, na hakuna aliyethubutu kukuvunjia neno.

Wakawa wanakuja mmoja mmoja, wanakushika mkono muda mrefu. Kumbe walikuwa wanakuaga. Mimi napitapita na birika nikiwatania, "Nyuso gani hizo, kwani hapa kuna msiba?" Ukacheka wewe peke yako.

Uchungu uliponishika, naondoka kwenda hospitali, uliniaga ukiwa umeegemea mlango. Nilikwambia, "Usisahau pilipili manga kwenye uji wa uzazi utakaoniletea." Ukasema hutasahau. Basi nikajifungua, nikalala pale wodini na mtoto ubavuni nikikusubiri, naitazama kila kanga inayoingia. Akaingia Mjomba, mikono mitupu. Akasema ulipata habari kwamba nimejifungua salama, ukashukuru, na alfajiri ukatutoka. Nikamwambia aache utani wake. "Mama kapona," nikamwambia. "Macho yake nimeyaona mwenyewe." Nilirudia hivyo mpaka nesi akaja kumchukua mtoto ubavuni mwangu.

Nilikukasirikia, sikufichi. Hasira ikiisha inaanza upya. Na mimi sasa ni mama, najua kwa nini ulifanya vile, pengine hata mimi ningefanya. Lakini ungeniambia. Ningelia, mimba ingevumilia, wanawake wangapi wamelia nayo. Nimemweleza mjukuu wako yote, sikumbakizia kitu, na nimemwambia akiona mtu macho ya njano asisikilize habari za nyasi wala za duka, ampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Watu wote walikuaga, Mama, hata jirani wa maziwa. Mwanao wa kuzaa ndiye aliyekuachia maagizo ya uji.

Kwaheri, Mama. Kwaheri ya kweli, nimejua sasa ninayoisema.

Mwanao wa kwanza,
Modesta